Khedive Ismail: Mabomu ya Petard na hesabu iliyopigwa Kilindini

Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944, saa nane na nusu mchana, torpedo mbili za Wajapani ziliipiga meli ya Khedive Ismail kusini-magharibi mwa visiwa vya Maldives. Hazikupita dakika mbili tatu, meli ikawa imekwenda chini. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Waliookoka ni 214: wanaume 208 na wanawake sita. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, watu 996, waliopanda Kilindini wiki moja hivi kabla yake wakipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, njia ya kuelekea vita vya Burma.

Wanaoijua habari hii huibishania hasa kwa jambo moja. Meli ilipozama, nyambizi iliyoipiga, I-27, ilijibanza chini ya manusura waliokuwa wakielea. Manowari ya Uingereza iitwayo Petard, chini ya nahodha Rupert Egan, ikapita palepale na kudondosha mabomu ya chini ya maji. Watu waliokuwa wamenusurika torpedo wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Tangu hapo kuna wanaosema Egan hakuwa na njia nyingine, na wanaosema alivuka mpaka ambao hata vita haviruhusu kuvukwa.

Swali hilo ni halali na nitalipima. Lakini nina shaka kwamba limepewa nafasi kubwa kuliko haki yake, likaziba swali jingine lililopaswa kuulizwa kabla nanga haijang'olewa Mombasa.

Tuanze na chombo chenyewe, maana lawama nyingine imetupiwa hicho. Kiliundwa na kiwanda cha Scotts huko Greenock, Scotland, mwaka 1922, kwa ajili ya kampuni ya Chile, Compañía Sudamericana de Vapores. Jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua, na kilikuwa na pacha wake, Teno. Meli hizo mbili, kila moja ikiwa na tani zaidi ya 7,000, zilifanya kazi kati ya Valparaíso na New York kwa kupitia mfereji wa Panama. Enzi hizo, kabla ya ndege za abiria kuvuka bahari, meli ya mvuke ya namna hii ilikuwa basi na lori kwa pamoja: vyumba na sebule za abiria juu, shehena chini. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukaivunja biashara hiyo. Mwaka 1935 meli zote mbili zikanunuliwa na kampuni ya Misri, Khedivial Mail, zikabadilishwa majina. Teno ikawa Mohamed Ali El-Kebir, Aconcagua ikawa Khedive Ismail.

Jina hilo si geni katika historia ya pwani yetu. Khedive Ismail, mtawala wa Misri ambaye mfereji wa Suez ulifunguliwa wakati wake, ndiye aliyetuma majeshi yake mwaka 1875 yakateka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, hadi Waingereza walipomshinikiza ayaondoe. Miaka 69 baadaye Waingereza hao hao wakawapakia askari wa Afrika Mashariki katika meli yenye jina lake. Ni sadfa tu, haina maana zaidi ya hapo, lakini mtu wa pwani hawezi kuipita bila kuiangalia mara mbili.

Vita vilipopamba moto, mwaka 1940, serikali ya Uingereza iliichukua meli iwe ya kubebea askari, ikaikabidhi kwa usimamizi wa British India, kampuni ambayo wasafiri wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam waliijua kwa safari za Bombay. Mwezi Aprili 1941 ilikuwa Ugiriki, Wajerumani wakishuka kwa kasi na majeshi ya Uingereza na washirika wake yakihamishwa usiku usiku. Khedive Ismail ilifika Nauplia lakini haikupata zamu ya kupakia mtu. Meli ya Kiholanzi iliyokuwa nayo, Slamat, ilikaidi amri ya kuondoka ili ipakie askari zaidi. Kulipokucha ndege za Wajerumani zikaikuta na kuizamisha. Manowari mbili, Diamond na Wryneck, zikaenda kuokoa watu. Nazo zikazamishwa siku hiyo hiyo, na manusura wa Slamat waliokuwa wameshaokolewa wakafa mara ya pili, kama inavyowezekana kusemwa. Jumla ya waliokufa katika vyombo hivyo vitatu ilikaribia 1,000.

Nimelitaja tukio hilo kwa makusudi. Mabaharia wa Uingereza walikuwa wamelipia somo hilo zaidi ya mara moja. Septemba 1914 meli zao tatu, Aboukir, Hogue na Cressy, zilizamishwa na nyambizi moja ya Kijerumani asubuhi moja. Ya kwanza ilipigwa, nyingine zikasogea kuokoa, nazo zikapigwa. Watu zaidi ya 1,400 walikufa. Kuanzia hapo kila afisa wa manowari alifundishwa kwamba anayesimama kuokoa watu huku adui angali chini ya maji anamzidishia adui shabaha. Egan hakuibuni kanuni yake siku ile Bahari ya Hindi.

Turudi kwenye msafara. Tangu Aprili 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon na kuzamisha meli kadhaa za kivita za Uingereza, kundi kubwa la manowari za Waingereza lilihamia Kilindini. Mombasa ikawa makao ya vita vya bahari nzima. Wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, wakachukua madarasa ya watoto. Ilipofika mwisho wa 1943 shughuli hizo zilikuwa zimerudi Ceylon. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wameshavushwa upande huo mwaka 1943. Rejimenti ya 301 ilikuwa ikiwafuata.

Msafara wenyewe ulipewa alama ya KR 8. Meli zilikuwa tano: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, na kwa pamoja zilibeba watu zaidi ya 6,000. Siku ile ya Jumamosi walinzi walikuwa watatu: Hawkins, meli kubwa ya kivita iliyobuniwa zamani wakati wa vita vya kwanza, na manowari ndogo mbili za kasi, Paladin na Petard, zilizojiunga njiani. Katika Khedive Ismail, pamoja na askari wa mizinga, walikuwamo wanamaji zaidi ya 200, wauguzi wa jeshi, wasichana wa jeshi la majini na wa kikosi cha wanawake cha uchukuzi. Sebuleni palikuwa na tamasha la muziki, na wengi wasiokuwa kazini walikwenda kusikiliza. Wengine walikuwa sitaha za chini, wamejilaza kukwepa jua la ikweta.

Torpedo zilipopiga, hapakuwa na amri ya kushusha boti iliyoweza kutimizwa. Kwa dakika mbili, mtu aliyeko sitaha ya chini hapati hata ngazi. Aliyeokoka kwa kawaida alikuwa juu karibu na ukingo, au alisukumwa nje na maji yenyewe.

Kilichofuata kilichukua zaidi ya saa mbili. Meli nne zilizobaki zikatawanyika na kukimbia, kama kanuni inavyotaka. Paladin ikashusha mashua na kuanza kuokota watu. Petard ikamsaka adui kwa mawimbi ya sauti, na mwangwi ukaonyesha yuko chini ya kundi la watu. Ikapita mara tatu, kila mara ikidondosha mabomu. I-27 ikalazimika kuibuka. Mizinga ya inchi nne ikaipiga lakini haikutoboa kiunzi chake. Paladin ikaiendea kuigonga kwa omo. Wakati wa kukwepa dakika ya mwisho, bawa la nyambizi la kuongozea mbizi likaichana ubavuni, maji yakaingia. Petard ikaanza kurusha torpedo. Sita zikapita bila kupata. Ya saba ikaipasua nyambizi, ikiwa inakaribia saa kumi na moja jioni.

Hoja ya wanaomlaumu Egan si ya kihisia tu, ingawa mara nyingi husemwa hivyo. Mlipuko wa chini ya maji haumchomi mtu wala haumrushi, ila mshindo wake hupita majini bila kupungua upesi kama hewani, ukafika kwenye tumbo na mapafu, mahali penye hewa ndani ya mwili, ukapasua. Anayeelea wima na jaketi lake la kuokolea, miguu chini, ndiye anayeumia zaidi. Kila bomu la aina hiyo lilikuwa na baruti yenye uzito wa kilo 130 hivi, na hayakudondoshwa moja moja. Egan alijua hayo yote. Baharia yeyote alijua.

Wanaongeza hoja nyingine yenye nguvu. Nyambizi ikiwa chini ya maji ni dhaifu. I-27 na wenzake wa aina yake walikwenda kwa fundo nane tu chini, yaani kama kilomita 15 kwa saa, tena kwa muda mfupi kabla betri hazijaisha, ilhali msafara ulikuwa na uwezo wa fundo 13. Kwa maneno mengine, wakati mabomu yanadondoshwa, meli nne zilikuwa zikizidi kujitenga na hatari kila dakika. Kwa nini basi Petard isizunguke pale, ikaizuia nyambizi isiibuke, hadi Paladin imalize kuokota watu? Saa moja au mbili tu. Baada ya hapo bahari ingekuwa tupu, na mabomu yangedondoshwa bila dhamiri ya mtu kuguswa.

Ni hoja nzuri. Mimi mwenyewe niliona ni nzuri mpaka nilipoifuatisha kwa saa. Karibu na ikweta jua huzama saa kumi na mbili na dakika chache. Kutoka saa nane na nusu, zilikuwa zimebaki saa tatu na nusu za mwanga. Nyambizi hiyo hiyo dhaifu ikiibuka usiku inakwenda zaidi ya fundo 23, karibu mara mbili ya msafara. Ikiponyoka gizani ina nafasi ya kuzifikia meli nne zenye watu kama 5,000. Na kuponyoka hakukuwa jambo la kudhania tu: mwangwi wa sauti hupotea kirahisi palipo na mabaki ya meli yanayozama, mapovu na rafadha za meli nyingine. Ukiachia mara moja, huenda usiupate tena.

Pili, wakati huo wa kusubiri, Paladin ingekuwa imesimama. Chombo kilichosimama juu ya nyambizi yenye torpedo ndicho kile kile cha Aboukir. Kingepigwa, wangekufa mabaharia wake pamoja na wote waliokwisha kuokotwa, kama kule Ugiriki.

Kuna jambo la tatu hutajwa sana, nami nalitilia mashaka. Inasemwa kwamba I-27, chini ya kamanda Toshiaki Fukumura, ilikuwa na sifa mbaya, na hilo ni kweli. Kutoka kituo chake cha Penang iliwinda Bahari ya Hindi na bahari ya Arabuni. Tarehe 28 Juni 1943 iliingia hadi Muscat ikaizamisha meli ya Dah Pu ndani ya bandari. Meli ya Fort Mumford, iliyozamishwa Machi mwaka huo, ilibakiza mtu mmoja tu hai, na nyambizi hiyo ilishutumiwa kuwafyatulia risasi manusura. Wanaomtetea Egan huyaweka haya mezani kama ushahidi: adui wa namna hii lazima amalizwe. Lakini Egan hakujua ni nyambizi gani iliyo chini yake. Mwangwi hausemi jina. Utetezi unaotegemea habari ambazo mtetewa hakuwa nazo si utetezi, na hautakiwi, kwa kuwa zile hoja mbili za mwanzo zinatosha.

Sheria nayo inaelemea upande wake, tena bila kupindishwa. Mkataba wa Hague wa 1907 uliokuwa ukitumika uliwataka wapiganaji watafute waliozama baada ya kila pambano, kwa kadiri mahitaji ya kijeshi yanavyoruhusu. Mkataba wa Geneva wa 1949 ukakaza lugha hiyo, ukiwataka wachukue hatua zote zinazowezekana bila kuchelewa, lakini nao unasema baada ya pambano. Saa nane na nusu pambano lilikuwa halijaisha. Lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Na ipo idadi. Wapo wanaosimulia kana kwamba mamia kwa mamia walikuwa majini na mabomu yakawafagia. Fikiria tena zile dakika mbili. Meli yenye sitaha kadhaa, watu wengi wakiwa ndani, inayozama kabla mtu hajamaliza kufunga jaketi lake, haitoi umati mkubwa majini. Sehemu kubwa ya wale 1,297 walikwenda nayo chini. Kusema hivyo hakuwafuti waliouawa na mabomu. Walikuwapo, na wenzao waliokuwa kwenye mashua za Paladin waliona. Ila ukiwapa mabomu vifo ambavyo torpedo ndizo zilizovileta, umemhukumu Egan kwa hesabu isiyo yake.

Kwa hiyo mimi naona Egan alifanya lililokuwa sahihi, nalo lilikuwa jambo baya. Yote mawili. Anayetaka kuchagua moja na kuacha jingine hajakaa vya kutosha na habari hii.

Nimesikia pia lawama ya rangi: kwamba asingedondosha mabomu kama majini wangekuwa Wazungu. Kwa kitendo hiki hasa, lawama hiyo haisimami. Waliokuwa wakielea walikuwa wamechanganyika, wapiga mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wanamaji wa Kiingereza na wauguzi wa Kiingereza, na mwangwi haukubagua. Ukitaka kuuliza thamani ya maisha ya Mwafrika katika vita vile, na ni swali linalostahili, uliza kwingine: mshahara, cheo, mafao baada ya vita. Au uliza hili ninalolijia sasa.

Nani alipanga kwamba rejimenti nzima iwe ndani ya meli moja?

Wanaoutetea mpango wana maneno ya kusema. La kwanza, meli haikujazwa kupita nyingine. Watu 6,000 na ushee katika meli tano ni wastani wa 1,200 na zaidi kwa kila moja. Khedive Ismail haikuwa mbali na hapo. La pili, jeshi hupenda kikosi kisafiri pamoja na maofisa wake ili kikishuka kiwe kikosi, si makundi yanayotafutana bandarini. La tatu ni uhaba. Wiki tatu kabla, tarehe 22 Januari, majeshi ya washirika yalishuka Anzio, Italia. Atlantiki ilikuwa bado inameza manowari za ulinzi, na kila kilichobaki kilikuwa kikiandaliwa kwa ajili ya kushuka Normandy, Ufaransa. Bahari ya Hindi ilikuwa mtoto wa mwisho katika mgao. La nne, misafara ya aina hiyo ilikuwa imeshapita kutoka Kilindini bila balaa la namna hii, na anayepanga kila siku hujenga imani yake juu ya yaliyopita salama.

Hoja ya uhaba naikubali karibu yote. Ni rahisi leo kuziona manowari mbili na Hawkins kuwa chache kwa meli tano za askari. Waliokuwa na ramani mezani wakati ule walikuwa na maombi kama hayo kutoka kila bahari, na manowari inayopelekwa Colombo, bandari ya Ceylon, ni manowari inayokosekana kwingine. Tena ulinzi mara mbili ya ule usingehakikisha kitu: nyambizi ilingoja mbele, ikafyatua kutoka ndani ya njia ya msafara, na kazi ya kwanza ya wanaolinda, yaani kuisikia kabla haijafyatua, ilishindikana. Kuongeza masikio kungesaidia, bila shaka. Kwa kiasi gani, hakuna mwenye haki ya kusema kwa kujiamini.

Hoja ya kikosi kimoja kusafiri pamoja ndiyo ninayoikataa. Ukiwa na meli tano zinazokwenda mahali pamoja, siku moja, zikisindikizana kwa macho, batri za rejimenti moja, yaani vikosi vyake vidogo vya mizinga, unaweza kuzigawa katika meli tatu na bado zikashuka Colombo asubuhi ile ile. Gharama yake ni usumbufu wa makarani wa bandari. Faida yake ni kwamba torpedo mbili zisingefuta rejimenti. Haya hayakuhitaji kuona mbele. Miezi mitatu tu kabla, mwishoni mwa Novemba 1943, meli nyingine iliyokuwa ya British India, Rohna, ilipigwa na ndege za Wajerumani nje ya pwani ya Algeria ikiwa na askari wa Marekani, na zaidi ya 1,000 wakafa. Waliokuwa wakipanga safari za askari walikuwa na kila sababu ya kujua meli moja inaweza kupoteza nini.

Nimesema lawama nyingine hutupiwa chombo, kwamba kilikuwa kikuukuu, cha miaka 22, kisichofaa kazi hiyo. Pacha wake anatusaidia hapa. Mohamed Ali El-Kebir, iliyoundwa kiwandani mule mule kwa ramani ile ile, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijerumani U-38 magharibi mwa Ireland tarehe 7 Agosti 1940, nayo ikiwa imejaa askari. Wengi wa waliokuwamo waliokolewa. Ilikaa juu ya maji muda wa kutosha kwa manowari iliyokuwa ikiisindikiza kuwachukua. Kiunzi ni kimoja, matokeo mbalimbali, na tofauti ni mahali zilipopiga torpedo na idadi yake. Umri wa meli hauelezi mengi.

Linabaki suala la kumbukumbu, na hapa pande mbili zinasigana kwa namna nyingine. Kwa maandishi ya Kiingereza, Khedive Ismail hutajwa kwanza kama msiba wa wanawake: 77 walikufa, idadi ambayo hutajwa kuwa kubwa kuliko yoyote kwa wanawake wa majeshi ya Jumuiya ya Madola katika tukio moja. Ni haki yao kutajwa. Hutajwa pia Kenneth Gandar-Dower, mwandishi wa habari za vita aliyekuwamo melini, mtu aliyewahi kwenda Nyandarua kumtafuta simba wa madoa na aliyepeleka duma Uingereza mwaka 1937 washindane mbio kwenye kiwanja cha mbwa. Ana habari tamu, na habari tamu husafiri. Rejimenti ya 301 huja baadaye kama namba.

Piga hesabu lakini. Hata kama manusura wote 214 wangekuwa wa rejimenti hiyo, na hawakuwa, bado waliokufa kutoka kwao wasingepungua 782. Ni zaidi ya nusu ya msiba wote kwa kiwango cha chini kabisa. Si wote walikuwa Waafrika, kwa sababu maofisa na baadhi ya masajenti walikuwa Waingereza, lakini rejimenti ilikuwa ya watu wa nchi hizi.

Anayesema hawakusahauliwa ana pa kuonyesha kidole. Ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road, upo mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, na waliopotea na Khedive Ismail wamo miongoni mwa wanaokumbukwa pale. Hilo si dogo ukilinganisha na vita vya kwanza. Mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za askari za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinasimama badala ya majina ambayo hakuna aliyejali kuyaandika. Kati ya 1918 na 1944 kitu kilikuwa kimebadilika.

Anayesema wamesahauliwa naye hakosi. Jina kwenye ukuta ni jambo moja, kujulikana kilichompata mwenye jina ni jambo jingine. Ubishi juu ya Petard umeandikwa na kuandikwa upya kutoka juu ya daraja la manowari, kwa macho ya Egan, kwa maswali ya Egan. Ni ubishi wenye ladha, una uamuzi wa dakika moja na mtu mmoja wa kumhukumu. Orodha ya kugawa askari katika meli haina ladha hiyo. Hakuna mtu mmoja wa kumkamata, kuna ofisi tu, mihuri na saini. Nyaraka za jeshi la majini la Uingereza zimehifadhiwa Kew, London, na msomaji yeyote anaweza kuziomba. Mwanahistoria wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam akienda huko, ningemwomba asianze na ripoti ya Egan, ambayo wengi wameshaisoma. Aanze na karatasi za kupakia za Kilindini, wiki ya kwanza ya Februari 1944.